Barafu Inayonyamaza

Juzi binti wa jirani yangu hapa Miyuji, anayesomea ufamasia, alinionyesha simu yake kwa mbwembwe. Friji la dawa la kule anakofanyia mazoezi ya kazi likipata joto, simu inalia. Hata awe kanisani, hata awe saluni, inalia. Nikamuuliza, "Na friji likizidi baridi?" Akanitazama kama bibi aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Bibi, na jua hili la Dodoma, baridi itatoka wapi?"

Nikacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mimi pia niliamini hivyo hivyo, na imani hiyo nusura imuue mtoto wa watu. Kwa hiyo nimeona niwaandikie nyinyi mnaoingia kazini sasa, kabla kumbukumbu hazijanikimbia. Mkiona nazunguka, nivumilieni. Mzee akianza na leo anaweza kuishia majira ya mwaka juzi, na katikati akapitia kwenye samaki.

Nilifanya kazi ya dawa za baridi, zile zisizoishi nje ya friji, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza na chanjo vijijini, kliniki za mkoba, kikasha kimefungwa nyuma ya pikipiki na mimi nimekikumbatia kama mgonjwa. Baadaye nikahamishiwa stoo ya dawa ya hospitali moja mjini, nikawa nakaa Makole, natembea kwa miguu hadi kazini. Jina langu Sesilia. Wagonjwa waliniita sista, ingawa sikuwahi kuwa mtawa, na waliokaa na mimi jikoni watawathibitishia.

Aliyenifundisha kazi hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa majokofu, Mzee Simbila, wakati ule majokofu ya zahanati yakitumia mafuta ya taa. Alivaa koti la sufu mwaka mzima, hata Novemba, hata vumbi likiwaka. Ukimuuliza joto halimsumbui, anakuambia, "Mimi kazi yangu ni baridi, lazima nijizoeze." Alijua jokofu kwa moto wake. Anainama, anatazama utambi, moto ukiwa wa bluu anatabasamu, ukiwa wa njano anaanza kutukana kwa Kigogo mpaka auchonge vizuri.

Siku yangu ya kwanza kwenda kijijini nilifika saa kumi na mbili alfajiri, nikatoa zile pakiti za barafu kwenye friza, nikazipanga haraka kwenye kikasha. Nilijiona hodari. Mzee Simbila akazitoa zote. Akachukua moja, akaniwekea sikioni, akaitikisa.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Basi hujaenda popote. Kaa chini."

Tukakaa. Pakiti ziko mezani, nyeupe, zinafuka. Dereva anapiga honi nje, mzee wala hageuki. Baada ya muda zikaanza kutoka jasho, matone yakajikusanya mezani. Akaiokota ile ya kwanza, akanitikisia tena. Nikasikia maji kidogo yanagonga barafu ndani.

"Sasa imeanza kuongea," akasema. "Barafu inayonyamaza usisafiri nayo, binti yangu. Itakuulia mzigo."

Akanieleza kwa namna ambayo sijaisahau. Joto huharibu dawa polepole, kidogo leo, kidogo kesho, na ukiwahi utaokoa nyingi. Lakini kuganda hakuna polepole. Dawa ya baridi ikiganda mara moja tu, imekwisha, hata ukiiyeyusha kwa upole wa namna gani. Na barafu iliyotoka friza sasa hivi, ambayo bado haina hata tone la maji ndani, ni kali mno. Itagandisha chochote inachokigusa. Ndiyo maana unaisubiri iongee. Ubaya ni kwamba dawa iliyoganda haina aibu, inafika mikononi mwako baridi safi, na wewe unafurahi.

Nilikuwa mkali na friji zangu, mtaniambia baadaye kama nilizidi. Kituo kimoja nilikofanya kazi, mganga mfawidhi alikuwa na mazoea ya kuletewa perege kutoka Bahi miaka ambayo bwawa limejaa, na perege wale walilala kwenye friji la chanjo, juu ya chanjo ya surua. Kila akija mgeni mlango unafunguliwa, samaki wanaonyeshwa. Siku moja nikawatoa wote, nikawapanga mezani kwake juu ya faili. Alipotoka kwenye kikao akanijia mbio.

"Sesilia, samaki wangu wako wapi?"

"Wako ofisini wanakusubiri, mganga. Nimewaambia wakae."

Hakusema nami wiki nzima, lakini friji lilibaki na chanjo peke yake. Kwa hiyo msidhani nilikuwa mzembe. Naeleza hili ili mjue kwamba lililotokea kwa Nyemo lilimtokea mtu aliyekuwa anajua.

Nyemo alikuwa mtoto wa kike wa miaka saba kutoka kijiji kimoja cha Bahi, mwembamba, macho makubwa, mwenye kisukari kile cha utotoni ambacho bila insulini mtoto haishi. Kwao hakukuwa na umeme. Baba yake, Chilongani, mfugaji, alikuja mjini kila mwezi kuchukua chupa mbili. Nilimpenda yule baba. Alikuwa ndiye anayemchoma mtoto sindano, asubuhi na jioni, na tulipomfundisha siku ya kwanza wauguzi walibaki midomo wazi. Mkono haukutikisika hata kidogo.

"Umejifunzia wapi, baba Nyemo?" nikamuuliza.

"Kwa ng'ombe, sista. Huyu ana nafuu, hapigi teke."

Chupa ile ya insulini ilikuwa ya aina yenye ukungu, kama maji yaliyochanganywa na maziwa. Kabla ya kuvuta dawa unatakiwa uiviringishe taratibu kati ya viganja ichanganyike, usiitikise. Chilongani aliiviringisha akihesabu kwa Kigogo, mpaka kumi, tena bila haraka, na mtoto alihesabu naye. Ilikuwa kama sala yao ndogo.

Nyumbani tuliitunza kwa mitungi. Hii mtaisoma kwenye vitabu vyenu siku hizi na picha za rangi, lakini bibi zetu walipoozea maji hivyo hivyo. Mtungi mkubwa, ndani yake mtungi mdogo, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa chenye maji, unauweka kivulini penye upepo. Dodoma upepo wake mkavu unakunywa ule unyevu na kuacha ubaridi. Chupa unaifunga kwenye mfuko isiingie maji. Ila jueni na udhaifu wake: mvua zikija na mpunga umesimama majini pale Bahi, hewa inakuwa nzito na mtungi unachoka. Miezi hiyo nilimwambia aje kila baada ya wiki mbili. Alikuja, tope mpaka magotini.

Sasa ile siku. Ilikuwa Novemba, jua la kuchubua. Chilongani alichelewa kufika kwa sababu gari lao liliharibika njiani, na gari la kurudi lilikuwa karibu kuondoka. Akasimama dirishani kwangu anahema. "Sista, wananiacha." Nikakimbilia friza. Nikatoa pakiti mbili, ngumu kama jiwe, nikazitia kwenye kikasha chake kidogo, nikazilaza chupa katikati yake bila hata karatasi ya kutenganisha. Mkono wangu ulisita. Nilimsikia kabisa Mzee Simbila akisema kaa chini. Nikajiambia, kwa joto hili, afadhali izidi baridi kuliko ipungue. Haraka haraka haina baraka, mnaimba tangu darasa la kwanza. Na mimi niliimba. Nikamkabidhi. Akanishukuru kwa mikono miwili, akakimbia.

Siku ya tano wakamleta Nyemo amebebwa. Kinywa kinanuka kama tunda lililooza, anavuta pumzi ndefu ndefu za chini kwa chini, macho yamezama. Wenzangu mnaijua ile hali, ya mwili uliokosa insulini siku kadhaa. Daktari wa zamu, kijana mwenye bidii lakini mdomo mkali, akawa anafanya kazi huku anauliza maswali. Mimi niliitwa nilete dawa mpya, nikawa nimesimama kando ya kitanda.

"Dawa mmempa?"

"Tumempa kila siku, daktari," Chilongani akajibu. "Na safari hii ilifika vizuri kuliko siku zote. Ilikuwa imeganda kabisa, kama samli."

Kwa mfugaji, wanangu, samli inayoganda ndiyo samli. Ikikataa kuganda, mtu anajua kuna aliyeichanganya. Alipofungua kikasha akakuta dawa imekuwa jiwe, alimwita mkewe aje aone wema wa sista wa mjini. Wakaiyeyusha. Ilipotoka na punje punje ndani hawakushtuka, kwa sababu nyumba ile imekulia kwenye maziwa ya mgando.

"Mliyeyusha vipi?" daktari akauliza.

"Niliisogeza karibu na mafiga, ipate joto kidogo."

"Baba! Umeiunguza dawa! Umetaka kumuua mtoto kwa mikono yako mwenyewe!"

Chilongani akaitazama mikono yake. Sijui kwa nini mtu akiambiwa hivyo huitazama, lakini aliitazama yote miwili, nje na ndani. Na mimi nilikuwa pale, hatua tatu, nimeshika chupa mpya. Nilijua palepale. Dawa ile haikuungua. Ilikufa njiani, ndani ya kikasha nilichokifunga mimi, kabla haijaona mafiga ya mtu. Nilifungua mdomo. Kisha mtoto akatapika, watu wakahangaika, na mdomo wangu ukajifunga.

Nyemo alipona. Alikaa wodini siku nyingi, akatoka anacheka. Nami nikajiambia maneno ambayo mtu hujiambia: mtoto amepona, ya nini kufukua, baba amejifunza asisogeze dawa motoni, ni jambo jema, nami nimejifunza, sitarudia. Na kweli sikurudia. Kuanzia siku ile hakuna kikasha kilichotoka mikononi mwangu bila barafu kuongea, na wanafunzi wangu walininung'unikia kwa kuwachelewesha. Wakasema Sesilia anasikiliza barafu kama redio. Walinisifu pia kwa umakini, na sifa ile nilipewa nikaipokea. Aibu yangu kubwa ipo hapo.

Baada ya hapo aliyekuja kuchukua dawa alikuwa mama Nyemo. Nikauliza, baba yuko wapi? Akasema yuko na ng'ombe. Nikaridhika na jibu hilo miaka saba.

Nilistaafu, nikahamia hapa Miyuji, nikaanza kufuga kuku wanaonidharau. Mwaka ambao Nyemo alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, Mpwapwa, mama yake akanipigia simu. Alikuwa amejifungua wiki ile, hawezi safari. Angemsindikiza baba, lakini kuna dawa ya kubeba, ya muhula mzima, na baba amekataa.

"Amekataa kumpeleka mtoto shule?"

"Mtoto atampeleka, sista. Dawa ndiyo hataki kuibeba. Hajaigusa tangu ile siku ya hospitali. Mimi ndiye ninayechoma, mpaka Nyemo alipojifunza mwenyewe. Hata mtungi hausogelei. Tunaomba uje uwasindikize wewe."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Siku zote nilidhani uongo wangu umelala kimya bila kumdhuru mtu. Kumbe ulikuwa ukila mezani na familia ile kila siku.

Nikapanda gari la alfajiri hadi Bahi, nikapanda bodaboda mpaka kwao. Chilongani alikuwa ameota mvi. "Mbukwa, sista," akanisalimu kwa ile furaha yake, akaniletea kigoda. Nyemo akaja na shikamoo, mrefu, sare ya shule imepigwa pasi ya mkaa, kola imesimama. Nikakataa chai. Nikasema nina neno, na nikimaliza kunywa sitalisema.

"Baba Nyemo, ile dawa hukuiharibu wewe."

Akatabasamu kama mtu anayeambiwa maneno ya kumfariji. "Sista, yalishapita. Daktari alisema. Niliisogeza motoni, kwa mikono hii."

"Daktari hakujua. Iliganda njiani kwa sababu nilikuwekea barafu kali iliyotoka friza, bila kusubiri. Nilijua haifai. Nilifanya kwa haraka. Ilipofika hapa ilikuwa imeshakufa, na kilichokufa hakifi mara ya pili kwa moto wako. Nilikuwepo pale daktari alipokusema. Nilijua, nikanyamaza."

Tabasamu likaondoka. Kuku wakapita kati yetu. Nyemo ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo, bibi, baba hakukosea?"

"Hakukosea, mjukuu wangu. Nilikosea mimi."

Chilongani akasimama. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alisema kwa sauti ndogo, "Miaka saba, sista. Miaka saba namwangalia mke wangu akimchoma, mkono unatetemeka, mtoto analia, nami nimesimama nje." Akatoka kwenda zizini. Nikabaki kwenye kile kigoda, mtu mzima, nalia mbele ya mtoto.

Hatukujua amekaa huko kiasi gani. Aliporudi alienda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Akanawa mikono kwa sabuni, akaisuuza, akanawa tena. Ilikuwa muda wa sindano ya asubuhi, Nyemo ameshatoa chupa kwenye mtungi. Baba akanyoosha mkono. Binti akamtazama, akamwekea chupa kiganjani.

Akaiviringisha. Akahesabu kwa Kigogo, mikono haitetemeki, na alipofika sita Nyemo akaingia naye, saba, nane, tisa, mpaka kumi. Akavuta dawa, akapiga bomba la sindano kwa ukucha kutoa hewa, akachoma. Nyemo hata hakukunja uso.

"Bado una mkono wa ng'ombe, baba," akasema, na wote wawili wakacheka. Mimi sikuwa sehemu ya kicheko kile na wala sikustahili.

Tulienda kituoni kupitia zahanati, ambako muuguzi alitutolea pakiti nne za barafu kwenye friza, Nyemo akazibeba kwenye mfuko, mbali na dawa. Chilongani hakuwa amesema nami tangu zizini. Kikasha alikibeba yeye, kifuani. Nilimweleza njiani mambo ya safari, naye alisikiliza akitazama mbele: usikiweke kwenye buti, kule ni tanuri; usikiweke juu ya injini wala dirishani penye jua; kipakate, kifunike kitenge kilicholowa, usifungue fungue kuangalia, na dawa zikae ndani ya karatasi zisigusane na barafu. Nikamweleza na ya Mzee Simbila, kwamba barafu inatakiwa iongee.

Gari la Dodoma lilikuwa limeshafika, konda anapiga kelele, abiria wanajaa. Zikiwa zimebaki nafasi tatu, akatupungia. Chilongani akakiweka kikasha chini, akapiga magoti, akatoa pakiti moja moja kwenye mfuko wa Nyemo na kuiweka sikioni. Akatikisa ya kwanza. Ya pili. Hizo ziliongea. Akatikisa ya tatu, akarudia, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanipa na mimi nisikilize. Haikuwa na sauti. Ya nne vilevile.

"Mzee, unapanda hupandi?" konda akafoka. "Gari halimngojei mtu!"

Nilihisi ule moyo wangu wa Novemba unaruka, mguu unataka kukimbia. Nikafungua mdomo kusema mbili zinatosha, twendeni.

"Nenda," Chilongani akamwambia konda. "Hizi bado."

Gari likaondoka na vumbi lake. Akazipanga zile pakiti mbili juu ya jiwe, kivulini mwa kibanda cha mama muuza karanga, akakaa chini, akanionyesha mahali pa kukaa karibu yake. Nikakaa. Tukasubiri zitoke jasho.